Upungufu wa Herufi A

Katika miaka thelathini ya kupanga herufi, Raphael alikuwa amewadharau wachungaji, makatibu kata, mabwana harusi na wagombea udiwani, kila mmoja kwa kiasi chake. Lakini hakuna aliyewahi kumpa raha ya dharau kama Bwana Henry Chibago, aliyeingia kiwandani Jumatatu moja asubuhi na mfuko wa rambo uliojaa riwaya.

"Ni kazi ya miaka sita," Bwana Henry alisema, akiuweka mfuko juu ya meza kwa mikono miwili. "Naomba muishike vizuri."

Raphael aliishika kwa vidole viwili. Zilikuwa kurasa mia nne na kumi na mbili, zimeandikwa kwa mkono nyuma ya fomu za shirika la umma lililokwisha kuuzwa, ambako Bwana Henry alikuwa meneja hadi alipopunguzwa. Upande wa mbele fomu iliuliza idadi ya magunia yaliyopokelewa, na upande wa nyuma jua lilikuwa likichwea kwa madaha. Sentensi ya kwanza ilikuwa na jua, madaha, mawingu yaliyotahayari na upepo uliobembeleza. Sentensi ya pili ilikuwa na jua tena. Raphael alisoma ukurasa mmoja na nusu akiwa amesimama, akapiga miayo, akamtazama mwenye kitabu, mzee mnene mwenye kalamu tatu kwenye mfuko wa shati, akaona kwamba huyu naye ni walewale.

Miaka ile kila kitu kilikuwa ruksa. Zamani kuchapa kitabu lilikuwa jambo la wakubwa wa Dar es Salaam, na karatasi zenyewe zilikuja kwa kibali. Sasa Vinod, mwenye kiwanda kile kidogo cha chapa karibu na stesheni ya Dodoma, alileta karatasi kutoka popote alipopenda na kumchapia yeyote aliyekuja na kazi. Basi kila mstaafu wa mji ule akagundua kwamba ana kitabu. Watu ambao barua zao za kuomba likizo zilikuwa zikisahihishwa na makarani, sasa walikuwa waandishi. Raphael alikuwa akiwapokea mmoja mmoja, akiwapangia herufi, na kuwacheka wakishatoka.

Tofauti ni kwamba kitabu hiki kilibeba kitu cha Raphael mwenyewe. Vinod alikuwa amemwambia waziwazi, mbele ya wafanyakazi wote. Kabla ya mwaka kwisha ingekuja mashine ya ofseti na kompyuta, na kazi ya kupanga herufi kwa mkono ingekufa. Ila angehitajika mtu mmoja wa kusoma vitabu kabla havijaingia kwenye kompyuta, mtu mwenye kujua neno gani libaki na neno gani litoke. Mtu huyo angepewa meza ya dirishani, kalamu nyekundu na kiti.

"Hiki cha Mzee Henry kikitoka kizuri, na mwenyewe akiridhika, kiti chako, Mzee Raphael," Vinod alisema. "Asiporidhika, basi tena. Mi sijui Kiswahili cha vitabu, mi namsikiliza mteja."

Raphael alikuwa amesimama miaka thelathini mbele ya kasha la herufi, na mishipa ya miguu ilikuwa imemvimba hadi magotini. Alikitaka kiti kile kuliko alivyopata kutaka kitu kingine chochote. Tena aliona ni haki yake, kwa kuwa katika Dodoma nzima, tangu Zuzu hadi Kibakwe kwao, hakumwona mtu mwingine mwenye sikio la maneno.

Sikio hilo alilipata kwa shida ya herufi. Seti ya kiwanda ya herufi za risasi ilinunuliwa na baba yake Vinod kutoka kwa Waingereza, na Waingereza walipima kwa lugha yao. Herufi e zilijaa kashani hadi zikamwagika, na zile za q na x zilikuwa mpya kabisa, hazijawahi kupakwa wino. Lakini a zilikuwa chache, na Kiswahili kinakula a bila huruma. Walipanga kurasa nane, wakachapa, wakazirudisha herufi kashani, ndipo wakapanga nane nyingine. Kila walipofika ukurasa wa nane, kijumba cha a ndani ya kasha kilikuwa kitupu, na Raphael alianza kuchagua maneno. Aliondoa "maridadi", akaondoa "kwa madaha", akaweka "kule" mahali pa "pale". Taratibu akaona kwamba sentensi zilizopunguzwa zinasimama vizuri kuliko zilivyokuja, akajitungia sheria: neno lisilofanya kazi lisile a za watu.

Upungufu huo ulikuwa na sababu ya pili, ambayo Vinod hakuijua. Kwenye rafu ya chini kabisa, nyuma ya magazeti ya zamani, ulikuwapo ukurasa mmoja wa herufi uliofungwa kwa kamba, haujawahi kuchapwa. Ulikuwa ukurasa wa kwanza wa riwaya ya Raphael mwenyewe. Alikuwa ameupanga miaka tisa nyuma, mistari thelathini, na tangu hapo kila baada ya wiki chache aliufungua, akabadili neno moja, akaufunga tena. Ukurasa wa pili ungefuata wa kwanza ukishakamilika.

Basi akaanza kumpunguza Bwana Henry. Katika sura ya kwanza alimnyang'anya machweo manne kati ya matano. Katika sura ya pili shujaa alikuwa "barobaro mtanashati mwenye haiba isiyomithilika", akamfanya kijana. Katika sura ya tatu palikuwa na machozi yaliyotiririka, kububujika, kuchuruzika na kudondoka katika aya moja, naye akamwachia msichana machozi ya kutiririka tu. Alifanya yote hayo bila kumwuliza mwenyewe, akitabasamu upande mmoja wa mdomo.

Kila Ijumaa Bwana Henry alikuja kusoma prufu, yaani karatasi ya majaribio ya kurasa zile nane. Desturi ya kiwanda ilikuwa mwandishi alinganishe prufu na rasimu yake, mstari kwa mstari. Bwana Henry hakulinganisha. Aliketi kaunta, akaiweka rasimu kitini na kuikalia, akavaa miwani, akasoma prufu kwa sauti kubwa mbele ya Vinod na wateja waliokuja kuchukua kadi za harusi. Akimaliza aliweka sahihi.

"Safi," alisema kila Ijumaa. "Safi kabisa."

Raphael alimsikiliza akiwa kashani, na dharau ikamjaa hadi ikawa karibu furaha. Mtu huyu alikuwa amenyang'anywa nusu ya maneno yake asijue! Aliyachukua wapi, basi, hata yasimwume yakitoweka?

"Huyu ukimchapia orodha ya bei za misumari ataisoma hivyohivyo," alimwambia Mwajabu. "Na atasema safi."

Mwajabu ndiye aliyekunja karatasi na kushona vitabu. Alikuwa mwanamke wa Kondoa, wa darasa la saba, mwenye uso mpana na mikono myepesi, na alikuwa na tabia ya kusoma kila kilichopita mikononi mwake, hata vitabu vya stakabadhi. Raphael hakuwa na la kusema naye kuhusu maneno. Alimwambia hayo kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine.

"Mi naona kinaanza kunoga, mzee," Mwajabu alisema.

"Kinanoga kwa sababu yangu, binti."

Wiki ya saba ikafika sura ya saba. Hiyo ilimkuta Bwana Henry amechoka, au pengine kamusi ilikuwa imeazimwa na jirani, maana ndani yake hapakuchwea jua hata mara moja. Ilikuwa habari ya mwaka wa njaa huko Haneti, mjane na watoto wanne. Jioni ya kwanza mjane anapakua ugali wa uwele na mlenda mkavu, watoto wanaizunguka sufuria. Mama alisema ameshiba. Jioni ya pili ugali umepungua, naye anaanza kulisema hilo kabla hajaketi. Mama alisema ameshiba. Jioni ya tatu sufuria haijaepuliwa. Mama alisema ameshiba. Kisha ukafuata mstari peke yake: Siku ya nne hatukumuuliza.

Raphael alitazama mistari ile kama mtu aliyekuta mchanga kwenye wali. Sentensi moja mara tatu! Mtoto wa shule ya msingi angechapwa kwa hilo. Isitoshe, ulikuwa ukurasa wa nane. Alipochungulia kijumba cha a aliona sakafu ya mbao na a tano zimebaki pembeni. Akahesabu kwa ncha ya kidole: sentensi ile ilikula a sita, mara tatu ni kumi na nane, na mstari wa siku ya nne ulitaka nyingine tatu. Jumla ishirini na moja, kwa mjane asiyejua kusema kitu kwa namna mbili.

Akazifuta zote tatu. Mwishoni akaweka sentensi moja, yake mwenyewe: Jioni zote tatu mzazi yule mwema alijinyima tonge. Ilitumia a tano tu. Mstari wa siku ya nne haukuwa tena na pa kushika, akautupa. Akarudi nyuma hatua moja, akauangalia ukurasa, akaridhika sana. Palikuwa na heshima sasa.

Mwajabu ndiye aliyepaka wino na kutoa prufu. Alisoma akiwa amesimama, akasoma tena, kisha akaja na ile karatasi ya rasimu mkononi.

"Mzee, samahani. Ile ya ameshiba umeitoa?"

"Nimeitoa."

"Zote?"

"Mwajabu, sentensi si andazi, useme nipe na la pili na la tatu. Imesemwa mara moja, tena kwa lugha ya watu waliosoma. Wewe kunja."

"Lakini hapa sasa tunaambiwa kwamba alijinyima," Mwajabu alisema polepole, akitafuta. "Kule hatukuambiwa. Tulijua wenyewe."

"Kunja, nimesema."

Akaenda kukunja. Raphael alicheka peke yake kwa muda. Darasa la saba nao walikuwa wameanza kuhakiki fasihi, maana kweli kila kitu kilikuwa ruksa.

Ijumaa Bwana Henry akaja kama kawaida, akaikalia rasimu, akavaa miwani. Vinod alikuwa kaunta na mteja mmoja aliyeleta kazi ya kadi za michango. Bwana Henry alisoma kurasa saba kwa sauti ileile ya mkutano wa hadhara. Alipoingia ukurasa wa nane sauti ikashuka. Akasoma jioni ya kwanza, akatua, kama mtu anayengoja kitu ambacho hakikuja. Akasoma ya pili, akatua tena. Akasoma ya tatu. Akafika mwisho.

Akavua miwani. Akainuka, akaitoa rasimu kitini, akaifungua kwa mara ya kwanza tangu kitabu kianze kupangwa, ingawa ilionekana hakuhitaji kutafuta ukurasa.

"Nani amemwita mama yangu mzazi yule mwema?" aliuliza.

 Vinod alimtazama Raphael.

"Ni mimi," Raphael alisema, akija mbele huku anafuta mikono. Hakuwa na wasiwasi bado, alikuwa na somo tayari. "Bwana Henry, palikuwa na marudio pale. Mwandishi mzuri huteua maneno. Hakuna haja ya kusema jambo moja mara tatu kwa maneno yaleyale, tena maneno ya jikoni. Nimekupunguzia, kama nilivyokupunguzia kwingine, na kwingine hukulalamika."

"Unadhani sikuona?"

Raphael aliacha kufuta mikono.

"Niliona tangu sura ya pili," Bwana Henry alisema. "Barobaro wangu aliponyang'anywa haiba. Nilikwenda nyumbani nimekasirika, mke wangu Anjelina ni shahidi. Nikasoma tena usiku huo nikaona, eh, ni kweli, kijana anatosha. Yale mengine niliyatafuta kwenye kamusi ili nionekane nimesoma. Ukiyatoa yanarudi kwenye kamusi, hakuna aliyepungukiwa. Nilinyamaza kwa sababu kitabu kilikuwa kinaanza kunipendeza. Leo nilikuja na nia ya kumwambia Vinod hapa kwamba ana mtu wa ajabu."

Akaiweka rasimu kaunta, kidole juu ya mstari.

"Lakini haya sikuyateua mimi. Aliyateua yeye. Mama angeweza kusema hana njaa, na sisi tungebishana naye, maana hakukuwa na mtu asiye na njaa Haneti mwaka ule. Angeweza kusema kuleni tu, wanangu, na mimi mkubwa ningekataa. Alisema ameshiba. Mtu aliyeshiba amekwisha kula, huna la kumwuliza. Alilichagua neno hilo akalisema mara tatu, na sisi tukala. Siku ya nne hatukumuuliza. Miaka sita nimejaza jua na upepo pande zote ili nipate ujasiri wa kufika kwenye mistari hiyo minne, bwana. Na wewe umeitupa."

 Raphael alikuwa na maneno mengi kuliko mtu yeyote mjini. Alichoweza kusema kilimtoka chenyewe, na kilikuwa cha kipumbavu.

"A zilikuwa zimekwisha," alisema.

Bwana Henry alimtazama kwa muda mrefu. Raphael aliitambua ile namna ya kutazama, maana ilikuwa yake. Alikuwa ameitumia kwa wachungaji na makatibu kata miaka thelathini, na sasa kwa mara ya kwanza alikuwa upande wa pili.

"Hakuna mtu humu ndani aliyeona?" Vinod aliuliza.

Mwajabu alikuwa ameinamia karatasi zake.  Wote waliona ameshika nakala ya pili ya prufu ya ukurasa wa nane, na kwamba pembeni, pale ilipotolewa mistari minne, alikuwa ametia alama ndogo nne kwa penseli, ili isisahaulike. Bwana Henry aliichukua mkononi mwake, akaiangalia, akamwonyesha Vinod.

Vinod hakujua Kiswahili cha vitabu, lakini alimjua mteja. "Basi Mwajabu atasoma," alisema. "Kuanzia hiki. Mzee Raphael, wewe utapanga mpaka mashine ije. Na huo ukurasa urudishwe ulivyokuwa. Leo."

Urudishwe kwa herufi zipi? Kijumba kilikuwa kitupu. Ukivunja sentensi ya mzazi mwema unapata a tano, bado kumi na sita. Kurasa nyingine saba zilikuwa zimekwisha kuwekewa sahihi na haziguswi. Raphael alisimama mbele ya kasha kwa kitambo, akijifanya anatafuta. Kisha akapiga magoti kwa shida, akasogeza magazeti, akautoa ukurasa wake.

Akaufungua kamba na kuuweka mezani. Herufi za chapa husomwa kinyumenyume, lakini macho yake yalikuwa na miaka thelathini ya kazi hiyo. Akausoma akitafuta maneno yasiyofanya kazi, ili achukue a zake humo. Alfajiri ya majaaliwa ilipoyavaa mavazi yake ya dhahabu, Anastazia aliyatandaza macho yake maangavu. Akachomoa majaaliwa. Akachomoa mavazi. Kabla hajafika mwisho wa mstari wa kwanza alikuwa ameshapata zote kumi na sita na kuzidi, na sentensi haikuwa imeumia popote.

Hilo ndilo lililomtisha. Akaendelea kusoma, sasa haraka, mstari kwa mstari, akitafuta jambo moja tu: neno ambalo aliwahi kulisikia likitoka kinywani mwa mtu. Mama yake wa Kibakwe hakuwamo. Mkewe Evarista, aliyemkimbia kwa sababu ya ulimi wake, hakuwamo, wala lile alilosema mlangoni siku aliyoondoka. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na jua tu. Kwa miaka tisa alikuwa amelibadilishia jua nguo, halafu akamcheka mtu wa Haneti kwa kuwa na machweo matano.

Akapanga ile mistari minne mahali pake. Akatoa prufu. Mwajabu aliisoma kwa kalamu nyekundu mkononi, akiwa amesimama, maana kile kiti alikuwa bado hajakikalia.

"Imekaa sawa, mzee," alisema. Akautazama ule ukurasa uliolegea mezani. "Na hizi?"

"Zirudishe kashani."

"Zote?"

"Zote."

Hakumwuliza zilikuwa nini. Alianza kuzirudisha, a kwenye a, e kwenye e, na kijumba kilichokuwa kitupu kikaanza kujaa. Alipofika nusu aliacha, akamimina chai vikombe viwili, akafungua kitambaa cha viazi alivyokuja navyo kutoka nyumbani, akamsogezea. Raphael hakuwa ametia kitu tumboni tangu asubuhi.

"Nimeshiba," alisema.

Neno lilimtoka kabla hajaliteua. Alilisikia kiwandani mle likisimama peke yake, akaona haya kuliko alivyoona mbele ya kaunta, kwa kuwa hata hilo hakuwa na haki nalo. Hakuwa amemwachia mtu yeyote tonge lolote. Mwajabu alimtazama, kisha akagawa viazi mafungu mawili, akamwekea lake ukingoni mwa kasha, akarudi kwenye herufi.